Hati anayo, anayelima ni mwingine: mageuzi ya ardhi ya Ufilipino

SWALI: Nafanya kazi hospitalini hapa Muscat. Mwenzangu wa zamu ni Mfilipino wa kisiwa cha Negros. Ananiambia baba yake, aliyekuwa kibarua wa miwa, alipewa hati ya shamba na serikali miaka ya 90, lakini hadi leo shamba hilo analima mtu mwingine. Baba analipwa kodi kidogo tu, na ada za wadogo zake zinatoka kwenye mshahara wake wa huku. Babu yangu Pemba alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, akazilima mwenyewe mpaka alipofariki. Inakuwaje nchi igawe ardhi miaka yote hiyo na wakulima wabaki maskini? Na akirudi kwao na akiba yake, ataweza kulikomboa shamba la baba?

JIBU: Ndugu yangu, mwenzako hajatia chumvi. Anachokieleza ndiyo hali ya familia nyingi sana za Negros, na haikuja kwa bahati mbaya. Serikali ya Ufilipino iligawa ardhi, lakini haikugawa vile vitu vinavyoifanya ardhi ilete pesa: mtaji, kiwanda, maji, na njia ya kufikia soko. Hivyo vilibaki kwa familia zilezile. Na sheria za kugawa zilipitishwa na wabunge ambao wengi wao walikuwa na mashamba ya kupoteza, ndiyo maana kila sheria ilitoka na mlango wa uani. Ukitaka kukielewa kisa cha mzee yule, inabidi tuipitie milango hiyo.

Nianze na hati, maana dhuluma ilianzia hapo. Hispania ilipoikabidhi Ufilipino kwa Marekani mwaka 1898, mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa mashirika ya watawa wa Kikatoliki na koo chache tajiri. Wamarekani wakayanunua mashamba ya watawa, karibu hekta 166,000, kwa takriban dola milioni 7, wakisema watawauzia wakulima waliokuwa wakiyalima. Bei na masharti yakawashinda wakulima wengi, na sehemu kubwa ikaangukia wenye fedha. Kabla ya hapo, mwaka 1902, ulikuwa umeletwa mfumo mpya wa kusajili ardhi. Aliyejua kusoma, mwenye wakili na nauli ya kufika mjini, alisajili. Aliyekuwa akilima tangu enzi za babu yake bila karatasi alijikuta mpangaji kwenye konde lake mwenyewe.

Luzon ya Kati, bonde la mpunga kaskazini mwa Manila, upangaji huo ulikuwa wa kugawana mavuno. Mkulima analima, siku ya kupura kabaila anachukua nusu, kisha kwenye nusu ya mkulima anakata mbegu, mchele wa kukopa na riba. Wengi walirudi nyumbani na magunia machache na deni jipya. Hapo ndipo walipotoka wapiganaji wa Hukbalahap, waliopambana na Wajapani kuanzia 1942 na, baada ya vita, wakaendelea kupambana na serikali ya makabaila hadi 1954 kiongozi wao Luis Taruc alipojisalimisha.

Utaona mtindo unaojirudia tangu hapo: sheria ya ardhi huja baada ya moto, na moto ukipoa sheria nayo hupoa. Rais Ramon Magsaysay, aliyewashinda Huk, alipata sheria yake mwaka 1955, lakini Bunge likaweka kiwango cha kubaki nacho mwenye shamba kuwa hekta 300. Nchini mwenye hekta 300 za mpunga alikuwa mtu mkubwa sana, kwa hiyo sheria ile iligusa wachache mno. Mwaka 1963 Rais Diosdado Macapagal akapiga marufuku upangaji wa kugawana mavuno na kushusha kiwango hadi hekta 75. Kwenye karatasi ilipendeza. Fedha za kuitekeleza Bunge halikuzitoa kwa kiasi cha maana.

Linganisha na majirani zao wa kaskazini. Japani ilianza mwaka 1946, Korea Kusini 1950, Taiwan 1953, na kwa jumla kiwango kilikuwa karibu hekta tatu. Ndani ya miaka michache upangaji ukavunjika. Lakini tazama nani alishika kalamu. Japani ilikuwa chini ya jeshi la Marekani. Taiwan ilitawaliwa na Wakuomintang, chama cha Wachina waliokimbia kutoka bara, wasiokuwa na shamba hata moja kisiwani. Korea Kusini, makabaila wengi walikuwa wamepakwa tope kwa kushirikiana na Wajapani, na serikali iliogopa mfano wa Kaskazini. Ufilipino, walioshika kalamu walikuwa wenye mashamba wenyewe. Robert Hardie, Mmarekani aliyeshiriki mageuzi ya Japani, alitumwa Manila na mwaka 1952 akatoa ripoti iliyopendekeza jambo lilelile: upangaji ufutwe, ardhi iende kwa mlimaji. Wanasiasa wa Manila wakaipigia kelele kwamba ni ya kikomunisti, na Washington, iliyohitaji kambi zake za kijeshi na marafiki wake, ikaiacha ripoti ife.

Ferdinand Marcos alitangaza sheria ya kijeshi Septemba 1972, na mwezi uliofuata akatoa amri nambari 27. Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu hadithi ya Marcos husimuliwa kwa rangi moja tu. Amri ile ilishusha kiwango hadi hekta saba na ikawapa wapangaji wa mpunga na mahindi haki ya kuinunua ardhi waliyolima, kwa bei ya mara mbili na nusu ya mavuno ya mwaka wa kawaida, kwa miaka 15, riba asilimia 6. Wakati huohuo mbegu mpya za mpunga kutoka taasisi ya utafiti ya Los Baños zilikuwa zikienea, na serikali ilikuwa ikijenga mifereji. Marejesho yalikuwa yamefungwa kwenye mavuno ya zamani, huku mavuno yakipanda, na ile nyongeza yote ilibaki kwa mkulima. Wachumi waliofuatilia vijiji vya Luzon ya Kati kwa miongo wamekuta familia hizo zilitumia nyongeza hiyo kusomesha watoto, na watoto wakaingia kazi za mjini. Kwa hiyo anayekuambia mageuzi ya ardhi hayawezi kumsaidia Mfilipino hajafika Nueva Ecija, mkoa mmojawapo wa bonde lile la mpunga. Yalisaidia pale ambapo ardhi, maji, mbegu na bei nafuu ya ardhi vilikutana.

Lakini amri ilihusu mpunga na mahindi tu. Miwa haikuguswa, nazi hazikuguswa, ndizi na mananasi ya makampuni hayakuguswa. Kibarua asiyekuwa mpangaji hakupata kitu. Isitoshe, makabaila wa mpunga wa Luzon ndio walikuwa ngome ya wapinzani wa Marcos, wakati biashara ya sukari aliikabidhi kwa rafiki yake Roberto Benedicto, na mkulima wa nazi akawa anakatwa tozo kwenye kila mzigo wa mbata. Tozo ile ilijenga benki na kununua hisa za makampuni chini ya Eduardo Cojuangco, rafiki mwingine. Ilichukua hadi 2012 Mahakama ya Juu kuamua kwamba hisa zilizonunuliwa kwa fedha hizo ni mali ya umma kwa ajili ya wakulima wa nazi, na hadi 2021 kutungwa sheria ya mfuko wao. Waliokatwa tozo wengi walikuwa wameshazikwa.

Sasa Negros, nyumbani kwa mwenzako. Kisiwa kile kilifyekwa kwa ajili ya miwa katikati ya karne ya 19, baada ya bandari ya Iloilo kufunguliwa kwa meli za nje mwaka 1855. Koo za Iloilo zikavuka mlango wa bahari, zikajitwalia mabonde, zikajenga hasienda, yaani mashamba makubwa ya kabaila mmoja. Baadaye Marekani ikawapa mgao maalumu wa kuuza sukari kwake, na mgao huo ulidumu hadi 1974. Mtu mwenye soko la uhakika kwa bei nzuri hana haraka ya kumlipa kibarua vizuri wala kuongeza tija. Kibarua alizaliwa kwenye nyumba ya mwenye shamba, akakopa duka la mwenye shamba, akafa na deni la mwenye shamba. Juu yao wakaja manamba wa msimu kutoka visiwa vya jirani kukata miwa.

Mwaka wa miwa una miezi ya kazi na miezi ya ukata. Kiwanda kikizima mitambo, kuanzia kama Aprili au Mei hadi Agosti hivi, kibarua hana siku ya kufanya kazi, na wenyewe wanaiita miezi hiyo tiempo muerto, wakati mfu. Bei ya sukari duniani ilipoporomoka katikati ya miaka ya 80, wakati mfu ukawa mwaka mzima. Wenye mashamba waliacha kulima, vibarua kwa malaki wakakosa kazi, na watoto wakafa njaa kwenye kisiwa chenye udongo mzuri kuliko sehemu nyingi za nchi. Ardhi ilikuwepo, imelala, na watu waliojua kuilima walikuwepo, lakini kupanda mihogo kwenye shamba la bwana bila ruhusa lilikuwa kosa. Septemba 1985, mjini Escalante, vikosi vya serikali viliwafyatulia risasi waandamanaji, watu 20 wakafa. Nikiulizwa kwa nini mageuzi ya ardhi ni suala la haki kabla ya kuwa suala la uchumi, huwa nataja mwaka huo wa Negros.

Marcos aliondolewa Februari 1986. Corazon Aquino, mjane wa Ninoy Aquino, mpinzani wa Marcos aliyeuawa, aliingia madarakani akiwa na uwezo wa kutunga sheria peke yake hadi Bunge jipya likutane. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi. Januari 22, 1987, wakulima walioongozwa na chama cha KMP waliandamana hadi daraja la Mendiola karibu na ikulu kudai ardhi, askari wakafyatua risasi na kuua watu 13. Baada ya damu ile rais akaharakisha mambo, lakini angalia alivyoharakisha: alisaini amri ya mageuzi Julai 22, 1987, siku tano tu kabla ya Bunge kukutana, na maswali mawili makubwa, mwenye shamba abaki na hekta ngapi na nani aanze kuguswa lini, akayaachia Bunge lijibu. Alikabidhi kisu kwa mbuzi.

Bunge likajibu kama lilivyotarajiwa. Bonifacio Gillego, mwenyekiti wa kamati ya mageuzi ya ardhi, alikuwa ameandaa muswada mkali. Ulivyokatwakatwa na wenzake ukafika mahali ambapo yeye mwenyewe aliondoa jina lake kwenye muswada. Sheria iliyosainiwa Juni 10, 1988, ilikuwa na mambo mema, nisiifiche: kwa mara ya kwanza iligusa mazao yote, ikiwemo miwa, na ikawatambua vibarua, si wapangaji tu. Mwenye shamba alibaki na hekta tano. Halafu milango ya uani ikaanza. Kila mtoto wake wa miaka 15 na zaidi anayelima au kusimamia shamba, hekta tatu. Mashamba ya biashara ya matunda, kahawa, kakao na mpira, subira ya miaka kumi. Ardhi ya zaidi ya hekta 50 kwanza, ya kati baadaye, ya chini ya hekta 24 mwishoni, kwa hiyo aliyekuwa na hekta 40 alikuwa na muda wa kutosha kuzigawa kwa ndugu. Anayebadilisha shamba kuwa kiwanja cha nyumba au eneo la viwanda, anatoka kabisa. Na kampuni ikaruhusiwa kugawa hisa badala ya ardhi.

Huo mlango wa hisa wacha niufungue mpaka mwisho, kwa sababu ulipitiwa na familia ya rais mwenyewe. Hacienda Luisita iko mkoa wa Tarlac, zaidi ya hekta 6,000 za miwa. Familia ya Cojuangco, ya baba yake Corazon, ililinunua kutoka kwa kampuni ya Kihispania ya Tabacalera mwishoni mwa miaka ya 50, kwa mkopo kutoka mfuko wa hifadhi ya watumishi wa serikali na kwa msaada wa Benki Kuu uliopatikana kwa sharti kwamba ardhi igawiwe wakulima wadogo. Haikugawiwa. Mwaka 1989 hekta 4,915 zikaingizwa kwenye kampuni mpya. Ardhi ikathaminiwa kuwa theluthi moja tu ya mali yote. Mashine, barabara na mengineyo yakahesabiwa theluthi mbili. Kwa hiyo wafanyakazi wakawa na theluthi ya hisa na familia ikabaki na usemi wote. Hata theluthi hiyo hawakupewa siku moja. Iligawiwa kidogokidogo kwa miaka 30, kwa kuhesabu siku ambazo mtu amefanya kazi. Asiyeitwa kazini hapati hisa. Na anayepanga nani aitwe ni uongozi wa kampuni.

Mashine zikaongezeka, siku za kazi zikapungua, na mwaka 1996 hekta 500 zikabadilishwa kuwa za viwanda. Wafanyakazi walisimulia kwamba baada ya makato wapo waliopeleka nyumbani peso 9.50 kwa wiki, pesa isiyotosha kilo moja ya mchele. Mwaka 2004 kampuni ikaachisha kazi zaidi ya watu 300, wakiwemo viongozi wa chama cha wafanyakazi. Mgomo ukaanza, na Novemba 16 risasi zikalia kwenye geti la kiwanda. Watu saba walikufa. Mwaka uliofuata baraza la mageuzi ya ardhi likafuta mpango wa hisa, wakati ambapo akina Aquino walikuwa wameshakosana na Rais Gloria Arroyo. Sidhani uamuzi ule ungetoka kama urafiki ungedumu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2011, Benigno Aquino wa Tatu, mtoto wa Corazon, akiwa rais, mahakama ikaamuru ardhi igawiwe wafanyakazi 6,296. Aprili 2012 ikathibitisha, fidia ikiwa kwa thamani ya 1989.

Ugawaji ulifanyika mwaka 2013 kwa kuzungusha pipa la bahati nasibu. Mtu anaitwa, karatasi inachomolewa, anaambiwa kiwanja chake, mita za mraba 6,600. Wapo walioangukia vipande vilivyo mbali na kijiji chao, karibu na watu wasiowajua, na kipande walichokuwa wamekilima kwa mboga miaka kadhaa kikaenda kwa mwingine. Hawakuwa na trekta, maji wala mkopo. Haukupita muda mrefu, watu wenye fedha wakaanza kuzunguka na bahasha, wakikodi viwanja hivyo kwa miaka na kulipa mbele. Baada ya zaidi ya nusu karne ya kesi na makaburi, wengi walichukua bahasha, na mimi siwezi kuwalaumu.

Hapo ndipo tunapokutana na baba wa mwenzako. Kibarua wa Negros aliyepewa hati miaka ya 90 mara nyingi hakupewa yake peke yake. Wizara ilikuwa na haraka ya kufikisha idadi, ikatoa hati za pamoja: karatasi moja, majina mengi, hakuna mpaka wa nani analima wapi. Kila mwaka alitakiwa kulipa Benki ya Ardhi, kwa miaka 30, riba asilimia 6, maana fidia ya mwenye shamba ilitakiwa kurudi. Sheria ilimkataza kuuza kwa miaka kumi, jambo jema la kumkinga, lakini likawa na upande wa pili: benki za biashara hazikuitaka hati hiyo kama dhamana. Miwa inakaa shambani karibu mwaka. Katika mwaka huo kunahitajika kulima kwa trekta, miche, mbolea raundi mbili, palizi, kisha wakataji, kisha lori la kwenda kiwandani, na kiwanda kinachukua sehemu yake ya sukari kama ujira wa kusaga. Ni mtu gani aliyezoea kulipwa kwa wiki ataziweka fedha zote hizo ardhini na kusubiri?

Basi anakuja mwenye fedha. Mara nyingine ni mwenye shamba wa zamani, mara nyingine msimamizi wake, au mfanyabiashara wa mjini mwenye malori. Analipa kodi ya miaka mitatu au mitano kwa mkupuo. Mtoto akiugua, kunachukuliwa ya miaka miwili zaidi. Ada ya chuo, tena miwili. Wakala wa ajira anapotaka gharama za kumpeleka binti Ghuba, shamba linawekwa rehani. Muulize mwenzako, kwa upole, nauli yake ya kwanza ilitoka wapi. Familia nyingi za vijijini ziligharamia safari hizo kwa njia hiyohiyo. Na mwishowe baba anaitwa kibarua, kwa ujira wa siku, kwenye shamba lenye jina lake.

Wasiokubali kukodisha walikuwa na njia nyingine, kulima kwa nguvu ardhi ambayo kesi yake haijaisha, na njia hiyo ni ya hatari. Oktoba 20, 2018, huko Sagay, kaskazini mwa Negros, vibarua tisa waliokuwa wameanza kulima chakula kwenye hasienda waliuawa kwa risasi usiku, kwenye kibanda cha turubai walipokuwa wamepumzika. Wanawake na watoto walikuwemo.

Nisikuache na Luisita na Sagay peke yake, kwa sababu ushindi nao upo. Wakulima wa Sumilao, mkoani Bukidnon, watu wa kabila la Wahigaonon, walidai hekta 144 ambazo ni ardhi ya mababu zao. Mwaka 1997 walifunga kula siku 28. Ofisi ya rais ikatoa suluhu ya kuwapa wakulima hekta 100 na kumwachia mwenye ardhi 44, na mahakama ikaibatilisha kwa hoja za kiutaratibu. Mradi ambao mwenye ardhi aliruhusiwa kuujenga pale haukujengwa, na ardhi ikauzwa kwa kampuni ya San Miguel kwa ajili ya ufugaji wa nguruwe. Oktoba 2007 wakatoka kwao kwa miguu. Walitembea kilomita 1,700, wakivuka bahari kwa meli kati ya visiwa, maaskofu na wanafunzi wakiungana nao njiani, hadi wakafika Manila Desemba. Machi 2008 kampuni ikakubali: hekta 50 ndani ya eneo lile na nyingine 94 nje yake. Tofauti ya Sumilao na kwingineko ni kwamba waliingia shambani wakiwa kundi lililokwisha kuumia pamoja, lenye uongozi, wanasheria na marafiki wa Kanisa.

Kwa jumla, tangu 1972 hadi leo, serikali inahesabu zaidi ya hekta milioni 4.8 zilizogawiwa kwa watu karibu milioni tatu. Si kidogo. Ila sehemu kubwa ilikuwa ardhi ya umma, na ardhi binafsi ya watu wazito ndiyo iliyobaki mwisho. Muda wa miaka kumi wa kuitekeleza sheria ya 1988 ukaongezwa 1998, ukaongezwa tena 2009, na mwaka 2014 ukaisha muda wa kutoa notisi mpya za kutwaa mashamba. Wapo wachumi wanaosema tatizo ni kwamba mashamba yamekuwa madogo mno. Sikubaliani nao. Mashamba ya Taiwan yalikuwa madogo hivyohivyo, lakini nyuma yake kulikuwa na vyama vya wakulima, mikopo na mifereji. Ufilipino ilimpa mkulima hekta moja, halafu mwaka 2019 ikaondoa kikomo cha kuingiza mchele wa nje, bei ya mpunga shambani ikaanguka mwaka huohuo. Kilimo huko hakifiki hata sehemu ya kumi ya pato la taifa, ilhali kinabeba takriban mfanyakazi mmoja kati ya watano. Waliobaki wamekwenda kwenu Muscat, Dubai, Hong Kong. Mwaka 2023 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 33 kupitia mabenki.

Na siasa? Katiba ya 1987 inasema taifa litapiga marufuku nasaba za kisiasa "kama itakavyofafanuliwa na sheria". Sheria hiyo ya kuwagusa wabunge, magavana na mameya, Bunge halijaitunga, kwa sababu ileile iliyoikata meno sheria ya ardhi. Anayemiliki mashamba ndiye anayeajiri, ndiye anayelipia mazishi na matibabu, na siku ya kura ndiye anayepigiwa. Mkulima hana sababu ya kumkasirisha mtu ambaye kesho atamkopesha.

Ulilinganisha na eka tatu za babu yako. Zanzibar ardhi ilitwaliwa bila fidia, ikawa mali ya serikali, na babu yako akapewa haki ya kuitumia bila deni lolote. Yana mjadala wake mrefu na machungu yake, na huko Muscat utakuta watu wenye kumbukumbu tofauti kabisa za mambo hayo. Ila kwa swali lako tofauti ni hii: mikarafuu na minazi ya Pemba tayari ilikuwa imesimama, na mtu angeweza kuanza kuvuna bila trekta wala kiwanda. Miwa haina huruma hiyo.

Swali lako la mwisho ni la vitendo. Ndiyo, anaweza kulikomboa, na wakati huu ni mzuri kuliko miaka ya nyuma. Kwanza ajue hati ni ya pamoja au ya mtu mmoja. Kama ni ya pamoja, upo mradi wa serikali unaogharamiwa na Benki ya Dunia, ulioanza 2020, wa kuzigawa hati hizo kila mtu apate yake yenye mipaka. Aulize shamba lao limefikiwa au bado. Pili, Julai 2023 Rais Marcos mdogo alisaini sheria nambari 11953 iliyofuta deni la ardhi la wakulima wapatao 610,000, jumla peso bilioni 57. Kama baba alikuwa bado anadaiwa na Benki ya Ardhi, adai cheti cha kufutiwa deni na kuondolewa rehani ya serikali. Wapo ambao deni limefutwa na hawana taarifa, na mkodishaji hana haraka ya kuwaambia.

Tatu, mkataba. Atafute karatasi yoyote aliyosaini baba, ahesabu miaka iliyolipwa mbele na iliyobaki. Rehani ya mdomo inalipika. Hatari ni ile ambapo mzee alisaini karatasi asiyoisoma ikaja kuwa ya mauzo. Akikuta hiyo asilipe chochote, atafute mwanasheria wa msaada wa kisheria.

Nne, na hapa ndipo akiba za wengi huzama: asilikomboe shamba kabla ya kujua nani atalima. Hekta moja ya miwa peke yake haimlipi mtu aliye mbali. Sheria ya maendeleo ya sukari ya 2015 inasaidia wakulima wadogo wanaounganisha vipande vyao kufikia hekta 30 na kulima kwa pamoja, kila mtu akibaki na hati yake, na wanapata mashine na pembejeo kupitia mpango huo. Kama kuna kundi la namna hiyo karibu na kwao, na vitabu vyake vya hesabu vinaonyeshwa kwa wanachama, ajiunge nalo. Kama hakuna, ni heri anunue muda mfupi, aache mkataba wa sasa uishe huku akiweka fedha ya msimu mmoja kamili wa kulima, kuanzia trekta hadi lori. Yote hayo yanaanzia ofisi ya mageuzi ya ardhi ya manispaa yao. Likizo ijayo aende na baba yake mwenyewe, wakiwa na hati halisi na kitambulisho cha mzee, wakaombe nakala ya kila kilichoandikwa juu ya kipande kile.